Chai ya Wifi Kavindu

"Wifi, wewe simama kule nyuma usije ukatufunika," Kavindu alisema, na jamaa wote waliokuwa wamejipanga kupigwa picha wakacheka.

Walikuwa Yatta, kwa mama mkwe, siku ya kufungua nyumba ya mawe ambayo watoto wake walikuwa wamemjengea. Mwongeli alikuwa ameamka kabla ya jogoo kuwika ili awapikie wote wale. Alifuta mikono kwa leso, akaenda kusimama karibu na tangi la maji. Jioni picha ilipotumwa kwenye simu, kilichoonekana chake ni paji la uso na ncha ya kitambaa cha kichwa. Muoki, mumewe, alikuwa mbele kabisa, mkono begani kwa dada yake. Yeye pia alikuwa amecheka. Si sana, lakini alicheka.

Kabla hawajaondoka, Kavindu alimvuta Mwongeli nyuma ya jiko. Alikuwa mdogo wake Muoki, mwanamke mwenye kiuno cha nyigu na kucha ndefu, na alikuwa akiuza chai ya kupunguza unene kutoka chumba chake cha kupanga huko Kiuu, Ruiru. Alitoa pakiti mkobani.

"Usikasirike, wifi. Nakutania kwa sababu nakupenda. Wewe shida yako sio chakula, ni tumbo. Tumbo imejaa uchafu wa miaka mingi, ndio maana hata ukijinyima hupungui. Safisha tumbo kwanza, mwili itajipunguza yenyewe."

Maneno hayo yalimwingia. Mwongeli alikuwa fundi wa nguo, kutwa ameketi mbele ya cherehani katika chumba cha mbele cha nyumba yao ya Landless, Thika, na ni kweli tumbo lilikuwa limemsumbua tangu amzae kitinda mimba wake. Lilijaa gesi, likafunga, likauma. Watu wote walimwona mlafi. Huyu alikuwa wa kwanza kumwambia kwamba huenda kosa halikuwa lake. Akaipokea pakiti kwa mikono miwili.

Mwanzoni chai ilitimiza ahadi. Aliinywa usiku, na alfajiri ilimwamsha kwa nguvu. Choo cha ploti kilikuwa kimoja, na asubuhi wapangaji walisimama nje wakigonga mlango huku yeye amejikunja ndani, jasho likimtoka. Beth, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akimwita kwa sauti ya chini, "Mwongeli, kuna watu wanaenda kazi," naye alijibu kwamba anatoka, na hakuweza kutoka. Hata hivyo sketi zilianza kumlegea. Muoki akaanza kumtazama akipita, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Watoto waliporudi likizo kutoka shule ya bweni walimwambia, "Mama umekuwa msichana," na maneno hayo yakamlipa asubuhi zote za chooni.

Kavindu alikuja kutoka Ruiru kumwona. Alimwomba avue gauni, abaki na kamisi, ampige picha kama aliyompiga siku ya kuanza.

"Ni yangu tu," alisema. "Nataka kuona ulikotoka."

Kisha mwili ukagoma. Uzito ulisimama, halafu ukaanza kurudi kidogo kidogo, ilhali Mwongeli alikuwa hali chochote ila mkate mkavu na ndizi. Asipokunywa chai hapati choo kabisa, tumbo linavimba na kukazana kama ngoma. Akinywa, anakatwakatwa ndani na kutoka maji matupu. Mikono ilianza kumtetemeka juu ya cherehani. Alimpigia Kavindu simu.

"Vumilia, wifi. Ni uchafu unatoka."

"Lakini ni maji tu yanatoka. Na nasikia kizunguzungu."

"Hiyo ndio sumu yenyewe. Ongeza dozi. Usiniangushe sasa, watu wanakuangalia."

Hakuelewa ni watu gani waliokuwa wakimwangalia. Aliongeza dozi.

Alianguka akimpima mteja mabega. Mteja alipiga kelele, Beth akaja mbio na leso yake, na kwa msaada wa mwendesha bodaboda wakamfikisha hospitali akiwa hajui aliko.

Daktari aliyemhudumia wodini aliitwa Neha, msichana wa Kihindi aliyezaliwa Thika hiyo hiyo na kuzungumza Kiswahili cha Thika. Aliinusa pakiti ambayo Beth alikuwa amekumbuka kuibeba, akaiweka mezani kama kitu kilichokufa.

"Mama, hii ni dawa ya kuharisha. Majani yake ni makali. Mtu akifunga choo anaweza kupewa siku chache tu. Wewe umekunywa miezi."

"Lakini nilipungua."

"Ulipungua maji. Maji na chumvi za mwili, ndio maana moyo wako ulikuwa unapiga vibaya. Mafuta hayakuguswa." Alivuta kiti akaketi. "Tumbo sio mtaro wa kusafishwa. Kuna bakteria wazuri wanaishi mle, wanasaidia kusaga chakula, wanasaidia hata mtu kusikia ameshiba. Ukiharisha kila siku na ukae bila kula, unawavuruga. Na matumbo yenyewe yamezoea kusukumwa, yamesahau kazi yao. Tumbo ikiharibika hivyo, hata uzito kushuka inakuwa ngumu."

"Kwa hivyo ni tumbo kweli. Wifi yangu alisema ukweli kwamba shida ni tumbo."

Daktari Neha aliisogeza pakiti kando. "Hapo alisema ukweli. Halafu akakupa kitu cha kuliua."

Alimweleza ale nini: uji wa wimbi uliolazwa ukachacha, maziwa lala, mboga za majani, maharagwe kidogo kidogo, maji mengi. Asijipime uzito kwa sasa. Mwongeli alisikiliza yote, lakini lililobaki kichwani lilikuwa lile moja. Kweli imechukuliwa, ikafanywa chambo.

Muoki alikuja saa za kuwaona wagonjwa, bado amevaa ovaroli ya kiwandani. Alisikiliza habari ya chai akitazama dirisha.

"Dada yangu alitaka kukusaidia," alisema hatimaye. "Wengine wanakunywa, hawaanguki. Labda ulizidisha."

"Aliniambia nizidishe."

"Sasa unataka nigombane na damu yangu kwa sababu ya majani ya chai?"

Mwongeli alikuwa ameshatoka hospitali, bado anatembea kwa kushika ukuta, Muoki aliporudi kutoka kazini uso umemvimba kwa hasira. Mwenzake wa zamu alikuwa amepita Ruiru akapiga picha ya bango la chai ya Kavindu, na simu ilikuwa imezungushwa kiwanda kizima wakati wa chakula. Mwongeli alionekana kwenye bango hilo mara mbili, na kamisi mara zote mbili. Upande mmoja tumbo limeanguka, upande wa pili limeingia. Juu yake yameandikwa maneno: *Tumbo safi, kiuno kipya.* Lilikuwa mbele ya stendi ya magari. Kila aliyeshuka pale alimwona.

"Kwa nini ulikubali kupigwa picha uchi?" Muoki aliuliza.

"Sikukubali itundikwe. Mwambie aitoe."

"Mwambie wewe. Mnaelewana nyinyi na picha zenu."

Mwongeli alipiga simu. Kavindu hakukana. Alisema duka lake jipya linafunguliwa mwisho wa mwezi, wateja wanakuja hadi kutoka mtaa wa Kahawa Sukari, na picha hiyo ndiyo inayouza. "Nikiitoa nitaweka ya nani? Na wewe usinenepe tena, utaniharibia. Umeacha kunywa? Rudi kwa chai, wifi. Ukikonda kabisa nitakupiga nyingine nzuri."

Mwongeli aliweka simu chini. Usoni mwake hakukuwa na machozi. Aliinuka akapanga vitambaa vya sare za shule kwa rangi, kazi ambayo haikuwa imehitajika, na alipomaliza alikuwa ametulia kiasi kwamba Beth, aliyekuja na uji, alidhani amepona.

Siku chache baadaye Kavindu alileta kitambaa cheupe. Alitaka gauni la siku ya ufunguzi, la kubana, linalofungwa mgongoni kwa kamba kuanzia mabegani hadi chini ya kiuno. Alitaka pia Mwongeli aje asimame mbele ya watu atoe ushuhuda.

"Nitakuja," Mwongeli alisema. "Nitakushonea na nitakuja."

Muoki alifurahi kusikia hivyo. Alidhani amani imerudi na kwamba ni yeye, kwa kukaa kimya, aliyeileta.

Wakati wa kupima, mkono wa Mwongeli uligonga kitu kigumu chini ya blauzi ya Kavindu. Ilikuwa korseti ya kubana kiuno, imekazwa hadi nyama za mbavuni zimetokeza kwa juu.

"Usitoe," Kavindu alisema. "Pima juu yake."

Mwongeli akapima juu yake, akaandika. Gauni alilishona vizuri kuliko nguo yoyote aliyowahi kushona. Kamba ya mgongoni aliipitisha katika vitundu vidogo vyenye kubana, na mwisho wake akauweka chini, mahali ambapo mkono wa mvaaji haufiki. Hakuna mwanamke ambaye angeweza kulivua peke yake.

Asubuhi ya ufunguzi Kavindu alifika Landless mapema ili avishwe. Muoki alikuwa ameondoka kwa zamu. Kavindu alitegesha simu yake juu ya kabati, akasema wataanza na video ya moja kwa moja, wafuasi wake wawaone wifi wawili wakinywa chai pamoja kabla ya kwenda dukani.

"Kuna washenzi wanaandika ati mimi sinywi," alieleza akijipaka wanja. "Leo wataniona. Wewe chemsha. Changu weka strungi, chai ya kawaida bila maziwa, na ndimu, rangi inafanana. Chako weka chai yenyewe, uache majani yaonekane kwa kikombe."

Mwongeli alisimama mlangoni mwa jiko. "Wewe hunywi?"

"Nilionja mara moja nikatema. Tumbo yangu ni nyepesi." Alicheka kidogo kwenye kioo. "Hii ni biashara, wifi. Mwenye bucha sio lazima ale nyama kila siku."

"Mimi nimetoka wodini juzi."

"Kikombe kimoja hakitakuua. Chemsha, tunachelewa."

Mpaka hapo Mwongeli alikuwa na mpango wa kusema tu. Alikusudia kushika kipaza sauti Ruiru na kuwaambia wale wanawake habari ya wodi, basi, na gauni lile alikuwa amelishona ili Kavindu akae amebanwa akisikiliza. Sasa aliingia jikoni, akawasha moto, akachemsha sufuria mbili. Katika ile ya chai yenyewe alitia majani ya pakiti nzima. Aliiacha itokote hadi ikawa nyeusi, akaichuja, akatia tangawizi nyingi, ndimu na asali. Katika kikombe cha strungi alinyunyiza majani machache yaelee juu. Alivipeleka vikombe kwenye sinia, akampa Kavindu kile chenye tangawizi.

Mbele ya simu Kavindu alikunywa, akakwama kidogo. Macho yalimtoka. Lakini watu walikuwa wakitazama, kwa hivyo akatabasamu, akapiga funda jingine.

"Tangawizi," Mwongeli alisema kwa upole.

"Tangawizi," Kavindu aliwaambia wafuasi wake. "Wifi yangu anapenda tangawizi. Chai hii, jamani, tumbo linakuwa safi mpaka unasikia mwili umeimba." Akamaliza kikombe. Mwongeli akamwongeza, akamaliza na cha pili, maana maoni ya kumsifu yalikuwa yakimiminika kwenye simu.

Mwongeli alizijua saa za chai ile. Alimvisha gauni bila haraka, akakaza kamba kitundu kwa kitundu, akafunga fundo la chini mara tatu.

Duka la Ruiru lilikuwa limefungwa maputo mlangoni. Viti vilikuwa vimepangwa nje chini ya turubai, na wanawake walikuwa wamejaa: wauzaji wa nguo, walimu, wasichana wa chuo, hata kina mama wa kanisa. Beth naye alikuwa amekuja na Mwongeli, akasema anataka kuona. Bango lilikuwa limeletwa kutoka stendi likasimamishwa nyuma ya meza. Mwongeli aliketi mbele yake, na wanawake walimtazama yeye, kisha bango, kisha yeye tena.

Mchana ulikuwa umeingia Kavindu alipoanza kuhutubia. Alizungumza vizuri. Alieleza habari ya uchafu wa miaka, habari ya tumbo kama jiko lenye masizi. Katikati ya sentensi alinyamaza, akashika meza. Akaendelea. Akanyamaza tena. Midomo ilikuwa imepauka chini ya rangi.

"Sasa wifi yangu atawapa ushuhuda," alisema haraka, akamwinamia Mwongeli sikioni. "Nisindikize choo. Sasa hivi."

Choo kilikuwa nyuma ya jengo, na foleni ya wanawake watano hivi ilikuwa imesimama. Walimpisha mwenye sherehe. Kavindu aliingia, akajaribu kulipandisha gauni kutoka chini, likakataa, lilikuwa limembana hadi magotini. Akatoka tena, akamgeuzia Mwongeli mgongo.

"Nifungulie. Wifi, nifungulie upesi."

Mwongeli alilishika fundo. Vidole vyake vilijua pa kuvuta. Akaviacha vimetulia pale.

"Vumilia," alisema. "Ni uchafu unatoka."

Kavindu aligeuza shingo, akamwangalia. Katika uso ule, uliojaa jasho na poda, Mwongeli aliona kwamba ameelewa kila kitu, kikombe na tangawizi na gauni.

"Ulibadilisha."

"Uliniambia kikombe kimoja hakiui."

"Wifi, tafadhali. Watu wanaona." Alijikunja, akashika ukuta. "Nitatoa picha. Leo leo nitatoa. Nilikosa, nifungulie."

Hayo ndiyo maneno Mwongeli aliyokuwa ameyataka tangu wodini. Yalikuwa yamekuja, na angeweza kuvuta uzi mmoja tu. Alihesabu asubuhi zake zote ndani ya choo cha ploti, akamkumbuka Muoki akitazama dirisha, na hakuvuta. Kavindu alitoa mlio mdogo kama wa mtoto. Kitambaa cheupe kikabadilika rangi mbele ya wanawake wote waliokuwa kwenye foleni.

Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinua simu, mwingine akamshusha mkono. Beth ndiye aliyesogea. Alifungua leso yake kiunoni, akamzungushia Kavindu, akapiga magoti kwenye uchafu ule na kuikata kamba ya gauni kwa meno. "Pole, pole mama," alikuwa akisema, akimwingiza ndani. Mwongeli alibaki amesimama. Furaha aliyokuwa ameingojea ilikuja, ikiwa kubwa na moto, na papo hapo akaona aibu kwamba leso haikuwa yake.

Hakurudi mbele kutoa ushuhuda wowote. Alipita kwenye meza, akalichana bango kutoka juu hadi chini, akavikunja vipande na kuviweka kapuni. Mwanamke mmoja wa kanisa alimuuliza kulikoni.

"Ile chai ni dawa ya kuharisha," Mwongeli alisema. "Ilinilaza hospitali. Leo imemlaza mwenyewe."

Muoki alikuwa ameshasikia kabla hajafika nyumbani. Alikaa kitini bila kuvua viatu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ungemuua."

"Kikombe alichokunywa yeye ndicho alichotaka ninywe mimi. Mtu akiwa ametoka wodini. Hilo pia amekwambia?"

Hakuwa ameambiwa. Aliinama akavua kiatu kimoja. "Mama anasema utoe mbuzi, uende Yatta umwombe Kavindu msamaha mbele ya wazee."

"Nitatoa. Mwambie Kavindu atangulize wake."

"Yule ni dada yangu, Mwongeli."

"Na mimi ni nani?"

Muoki alichukua blanketi. Alikwenda kulala sebuleni, na huko akalala majuma mengi. Siku moja alirudi kutoka kazini na mtungi wa maziwa lala, akauweka mezani bila kusema ni wa nani. Mwongeli aliyanywa. Hawakuyazungumza, na hakuna mbuzi aliyekwenda Yatta kutoka upande wowote. Duka la Ruiru lilifungwa. Kavindu alihamia Machakos, na waliomfahamu walisema sasa anauza mafuta ya nywele.

Tumbo la Mwongeli lilirudia kazi yake polepole, kama mtu aliyefukuzwa asiyejua kama amesamehewa. Alikula uji wake, mboga zake, githeri ya mahindi na maharagwe iliyoiva sana. Baada ya muda alianza kwenda choo bila maumivu. Uzito ulishuka kidogo, akausahau.

Alasiri moja Beth aliingia chumba cha mbele, akafunga mlango nyuma yake. Alisimama akichezea pindo za sare zilizotundikwa.

"Mwongeli, usinicheke. Ile chai. Hakuna iliyobaki?"

Mwongeli alizima cherehani. "Beth, si ulikuwa Ruiru? Si wewe uliyemfunika?"

"Nilikuwa. Lakini yule alikunywa nyingi, pakiti nzima. Mimi nataka kidogo tu. Mdogo wangu anaolewa Desemba, wameshachagua nguo." Aliinamisha kichwa. "Siku ile tulipokupeleka hospitali nilikubeba mwenyewe mpaka kwa pikipiki. Ulikuwa mwepesi."

Mwongeli alimtazama mwanamke huyu aliyepiga magoti kwenye uchafu wa mtu asiyemjua. Alitafuta ndani yake ile hasira iliyompeleka Ruiru, akaikuta ipo bado, nzima, na hapakuwa na mtu chumbani wa kumpa.

"Sina," alisema. "Niliimwaga yote. Ngoja basi nikupakulie, nimepika githeri na mboga ya terere."

"Asante," Beth alisema, mkono tayari umeshika komeo. "Mimi siku hizi mchana sili."